SKRUBU NDANI YA MFUPA: SOMO NILILOLIPATA KWA MGUU WA KAKA YANGU

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Mwaka jana methali hiyo ilibisha hodi nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda, aligongwa na gari dogo karibu na Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Mfupa wa muundi ukavunjika. Baba aliuza ng'ombe, majirani wakafanya harambee, ndipo akapasuliwa.

Siku tulipoonyeshwa picha ya eksirei nilishtuka. Ndani ya mguu mlikuwa na fimbo ya chuma na skrubu nne: mbili chini ya goti na mbili juu ya kifundo. "Kwani kaka ni kabati?" nilimwuliza mama. Yeye hakucheka. Basi nikaanza kuuliza walimu, mafundi na daktari, na haya ndiyo niliyoyapata.

SKRUBU NI NINI?

Skrubu, au parafujo kama kamusi zinavyoiita, ina sehemu tatu: kichwa, shina na uzi. Uzi ni ule ukingo unaozunguka shina kama nyoka aliyejizungusha kwenye mti. Katika Fizikia ya Kidato cha Tatu tunafundishwa kuwa skrubu ni mteremko uliokunjwa. Ukiizungusha mara moja, inasonga mbele kwa umbali uliopo kati ya ukingo mmoja wa uzi na ule unaofuata. Kuna skrubu ya mfupa inayotumika sana, yenye upana wa milimita 4.5, ambayo umbali huo ni milimita 1.75. Kwa hiyo ili iingie milimita 35, daktari ataizungusha mara 20. Mkono unatumia nguvu ndogo kwa mizunguko mingi, nayo skrubu inabana kwa nguvu kubwa.

MFUPA SI MBAO MOJA

Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa viti huko Bondeni. Alinipa bisibisi na vipande viwili vya mbao, kimoja cha saiprasi na kingine cha mkaratusi. Kwenye saiprasi skrubu yenye uzi mwembamba iling'oka nilipoivuta kwa koleo. Kwenye mkaratusi ilikataa katakata. "Mbao laini inataka uzi mpana, kijana," mzee akasema. "Ishike nyama nyingi."

Kumbe madaktari wanafuata kanuni hiyo hiyo! Mfupa una ganda gumu nje, na karibu na viungo ndani yake ni laini, wenye vitundu kama sponji. Skrubu ya ganda gumu ina uzi mfupi uliosongamana. Skrubu ya sehemu laini, kwa mfano ile ya milimita 6.5, ina uzi wenye kina, na umbali kati ya kingo ni milimita 2.75.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Uzi ukiwa na kina, shina hubaki jembamba, na shina ndilo linalozuia skrubu isikatike. Nguvu yake hukua kwa kipeo cha tatu cha upana. Shina la milimita 4 lina nguvu zaidi ya mara mbili ya shina la milimita 3, kwa sababu 64 ukigawanya kwa 27 unapata 2.4 hivi. Kwa ufupi, uzi mpana hushika vizuri, na shina nene huzuia kukatika. Anayebuni skrubu lazima apime haya mawili.

SHIMO NA KEEKEE

Skrubu ya milimita 4.5 hutobolewa shimo la milimita 3.2. Shimo likizidi, uzi hauna pa kushika. Likiwa dogo mno, mfupa unaweza kupasuka. Tena keekee iliyo butu huleta joto, na mfupa ni kitu hai. Ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, seli zake huanza kufa, na skrubu iliyokaa kwenye mfupa mfu hulegea. Ndiyo maana daktari hutumia keekee kali na kumwagia maji safi ya chumvi.

Na chuma chenyewe? Msumari wa dukani ungeshika kutu mwilini. Hutumika chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu takriban asilimia 18 pamoja na nikeli na molibdenamu, au titani. Titani haina ugumu wa chuma, na hivyo iko karibu zaidi na mfupa.

FIMBO ISIYOHITAJI MASHINE

Fimbo huingizwa katika mvungu wa mfupa, na skrubu za juu na chini huizuia isizunguke wala mguu usipungue urefu. Tatizo ni kupata tundu la fimbo ukiwa nje ya mfupa. Katika nchi tajiri hutumia mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN, ambalo hutengeneza fimbo zenye mkono wa kuelekeza unaobaki nje ya mguu na kuonyesha tundu lilipo, bila mashine hiyo. Fimbo hizo zimetumika Kenya na Tanzania kwa wagonjwa wengi waliovunjika barabarani.

KWA NINI SKRUBU YA KAKA ILIKATIKA

Daktari alisema asikanyage kwa uzito wote mpaka aambiwe. Wiki ya saba kaka akarudi kwenye pikipiki. Mama alifoka, "Wewe kijana, daktari alikwambiaje?" Akajibu polepole, "Mama, tutakula nini?" Mimi nilinyamaza, maana karo yangu ya muhula wa tatu ilitoka kwa bodaboda hiyo hiyo.

Chukua waya wa seng'enge uukunje huku na huku. Haukatiki mara ya kwanza; unakatika ukichoka. Skrubu nayo ni hivyo. Tuseme mguu mmoja unakanyaga mara 1,500 kwa siku. Kwa siku 90 ni mara 135,000. Mfupa ukiwa bado haujaunga, uzito wote huenda kwa fimbo na skrubu. Ni mbio kati ya mfupa na chuma: mfupa ukiunga mapema, chuma hupumzika, ukichelewa, chuma huchoka.

Skrubu moja ya chini ilikatika. Kwa bahati fimbo ilikuwa imara na mfupa ulikuwa umeanza kuunga, kwa hiyo daktari alimrudisha kwenye magongo bila kumpasua tena. Miezi minne baadaye aliyaacha. Kipande cha skrubu bado kimo ndani.

Ndugu msomaji, skrubu haiponyi mfupa. Kazi yake ni kuushikilia ili mfupa ujiponye. Anayemwambia mgonjwa apumzike amwulize pia nani atalisha watoto wake. Nami siku hizi jioni nauza mahindi choma stendi, ili karo isitoke tena kwa mguu wa mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini skrubu ya sehemu laini ya mfupa ina uzi wenye kina?
2. Skrubu yenye umbali wa milimita 1.75 itazungushwa mara ngapi ili iingie milimita 28?
3. Kwa nini skrubu iliyobeba uzito leo bila kukatika inaweza kukatika baada ya miezi miwili?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu