Mgahawa Mdogo wa Kahawa: Ushirikiano wa Wahudumu Ndio Mtaji

Mgahawa mdogo wa kahawa ni miongoni mwa biashara zinazoweza kuanzishwa na kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kwa mkopo usio na riba, utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo huo hurejeshwa, na marejesho hutoka kwa mteja anayerudi kesho. Ili arudi, wanakikundi wanashauriwa kuzingatia mambo manne.

Kwanza, mgawanyo wa kazi. Wakiwa watatu, mmoja apokee wateja na fedha, wa pili aandae kahawa, wa tatu apeleke vikombe na kuosha vyombo. Kila agizo liandikwe. La mdomo husahaulika, na mteja aliyetangulia akajikuta anahudumiwa wa mwisho. Zamu zibadilishwe kila wiki, ili mmoja anapougua au kufiwa kazi isisimame.

Pili, ladha isiyobadilika. Wote watumie kipimo kimoja, kwa mfano gramu 15 za kahawa iliyosagwa kwa robo lita ya maji, nacho kibandikwe ukutani. Kahawa isagwe inapohitajika, kwani ikishasagwa harufu yake hupotea upesi. Na ikikaa motoni muda mrefu huzidi uchungu.

Tatu, malalamiko. Mteja akisema kahawa imepoa, mhudumu asimlaumu mwenzake mbele yake. Aombe radhi, alete nyingine, na chanzo kijadiliwe baadaye. Msimamizi naye aonye faraghani. Mhudumu aliyefedheheshwa hadharani hawezi kumkaribisha mteja afuataye kwa bashasha.

Nne, kikao kifupi kila jioni. Dakika 10 zatosha kutaja kilichoharibika, kilichopungua na kilichosifiwa, kisha fedha zihesabiwe mbele ya wote. Hesabu ya kificho huzaa shaka, na shaka huvunja kikundi hali deni lingalipo.

Aidha, wahudumu wa vyakula na vinywaji wanakumbushwa kupima afya kila baada ya miezi sita, na mgahawa uwe na leseni ya biashara. Kwa ushauri kuhusu mikopo, mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Kuhusu usafi na upimaji, mwone Afisa Afya.

Wahenga walinena: kidole kimoja hakivunji chawa.