Tailizi Zilizobanduka: Anza na Kilicho Chini

Grauti, ule ujazo wa kati ya tailizi, ndiyo hutangulia kuharibika. Hupasuka mstari mwembamba, unga wake ukatoka na ufagio, mwenye nyumba akaita kijana aijaze upya. Baada ya miezi michache mstari uleule umepasuka tena, na tailizi ya jirani inacheza ukiikanyaga. Nyumba nyingine hupata kishindo: mchana wa jua kali mlio mkubwa unasikika sebuleni, watu wakienda wanakuta tailizi mbili zimenyanyuka na kuegemeana, na chini yake hakuna kitu zaidi ya vumbi.

Wengi hukimbilia kununua grauti nyingine au kumtafuta fundi wa pili, naye huanza kazi kwa kumsema vibaya fundi wa kwanza. Hela huishia hapo. Sakafu haijachunguzwa bado, na dawa ya tatizo moja haiponyi jingine.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila tailizi katikati na kwenye pembe zake nne. Iliyoshika hutoa sauti fupi, nzito. Isiyoshika hulia uwazi. Bandika kipande cha tepu kwenye kila inayolia, kisha simama mlangoni upige picha ya chumba kizima. Tepu zikitawanyika moja hapa, moja kule, yaelekea fundi alizembea kwenye tailizi hizo tu. Ufa mmoja ukikata tailizi nyingi kwa mfululizo, jamvi lenyewe, yaani zege la sakafu, limepasuka. Tepu zikiwa zimekusanyika kando ya bafu au ukuta wa nje, fikiria maji kwanza. Tailizi zikiwa zimeinuka katikati ya chumba, angalia ukutani, na hilo tutalifikia. Ila usiogope kila mlio: tailizi inaweza kulia uwazi ikakaa miaka bila kuleta shida, mradi haichezi na grauti yake ni nzima.

Sasa ng'oa moja iliyolegea kabisa, uigeuze. Mgongo wake unasema mengi kuliko maelezo ya fundi yeyote. Ukikuta mabonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, umeshapata jibu. Viwango vya kazi hii vinataka gundi ishike walau asilimia 80 ya mgongo kwenye sehemu kavu za ndani, na asilimia 95 bafuni na nje. Mabonge hayafiki hata karibu. Kiti kikikaa juu ya uwazi, tailizi inaweza kuvunjika. Ukikuta mgongo msafi huku sakafuni mistari ya mwiko wa meno imesimama vilevile bila kubonyezwa, gundi ilitandazwa eneo kubwa mno ikashika ngozi kabla ya tailizi kulazwa. Kwa joto na upepo wa Dar es Salaam au Mombasa hilo huchukua dakika chache tu. Gundi ikitoka yote na tailizi, na upande wake wa chini umejaa vumbi, basi jamvi halikusafishwa.

Kuna sababu nyingine ambayo naiona ndiyo mzizi wa sakafu nyingi mbovu za siku hizi. Mafundi wengi walirithi njia ya kutandaza mchanga na saruji, wakamwaga uji wa saruji juu yake, wakalaza tailizi. Kwa tailizi za zamani za udongo uliochomwa njia hiyo ilifaa, maana zilikunywa maji na saruji ikaingia kwenye vitundu vyake. Poseleni, zile kubwa zinazong'aa ambazo madukani huitwa granito, hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji tupu haina pa kujishika. Tailizi imebadilika, njia imebaki ileile, na baada ya muda mgongo unaachia. Kwa poseleni tafuta gundi ya mfuko iliyoandikwa C2. C1 ni ya daraja la chini yake.

Turudi kwenye zile zilizoinuka. Tailizi na zege hutanuka na kunywea kwa joto na unyevu. Fundi akizisukuma hadi zigusane na ukuta pande zote, hazina pa kwenda ila juu. Pembeni mwa chumba panatakiwa nafasi ya milimita 6 hivi, iachwe wazi au ijazwe silikoni, kamwe si grauti; skatingi itaificha nafasi hiyo. Ukumbi mkubwa unataka viungo vya silikoni kila baada ya mita 6 au 7, na baraza linalopigwa na jua kila baada ya mita 3 hivi.

Ukishuku maji, bandika nailoni juu ya zege tupu, funga kingo zake zote kwa tepu, uiache mpaka kesho yake. Matone chini ya nailoni, au zege lililogeuka jeusi, ni unyevu unaopanda. Hapo kubadilisha tailizi ni kupoteza pesa. Tafuta kwanza bomba linalovuja au maji ya mvua yanayosimama nyuma ya ukuta. Na jamvi jipya lipewe walau siku 28 kabla ya kulazwa tailizi.

Tailizi mbovu zikiwa chache, zibadilishwe hizo tu, na gundi ya zamani itindwe mpaka zege lionekane. Njia ya kutoboa grauti na kumimina uji wa saruji siikubali hata kidogo. Wala usilaze mpya juu ya zilizolegea. Mbovu zikifika theluthi ya chumba, mimi ningevunja chumba chote, maana rangi ileile ni vigumu kuipata tena dukani. Wakati wa kuvunja na kukata, mwagia maji, vaa barakoa nzito, toa watoto ndani: vumbi lile lina silika, na silika huharibu mapafu moja kwa moja.

Na fundi wa kwanza? Mwite aione tailizi iking'olewa mbele yake, ukiwa na picha, risiti na meseji za makubaliano. Uwe mkweli kuhusu nani alinunua nini. Kama alidai mifuko kumi ya gundi ukamletea minne na saruji, lawama ni yenu wote. Mafundi wengi hukubali kurudia kazi bure ukileta vifaa, lakini wanaorudisha fedha taslimu ni wachache. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwasuluhisha kabla hamjafikiria mahakama.

Kazi ikirudiwa, mwambie apake gundi sakafuni na mgongoni mwa tailizi, na kila baada ya muda anyanyue moja mbichi uone gundi imeenea. Usimalize malipo kabla hujazigonga zote baada ya kukauka. Boksi moja la tailizi lisilotumika lihifadhi na karatasi yake, kwa kuwa namba ya toleo na ya rangi imechapwa hapo.