Kabla Mdudu Hajavuka Mpaka: Yanayofunzwa katika Uzamili wa Usalama wa Kibayolojia

Mwaka wa 1983, dumuzi alionekana Kenya kwa mara ya kwanza, huko Taveta. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, mfupi kuliko punje ya mchele, lakini gunia la mahindi lililoshambuliwa naye hubaki maganda na unga usiofaa kusongwa ugali. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amegunduliwa Tabora, Tanzania, ambako wakulima walimwita Scania, jina la lori zito. Huku Kenya wengine baadaye walimwita Osama. Katika nchi alikotoka hakuwa tishio kubwa hivyo. Alipofika Afrika Mashariki alikuta mahindi mengi ghalani na hakukuta adui wake wa asili.

Kisa hiki ni mlango mzuri wa kuingilia somo ambalo vijana wengi wenye digrii za kilimo, mifugo, biolojia au afya ya umma huulizia wanapotaka kuendelea na masomo: usalama wa kibayolojia. Kwa maneno mepesi, ni elimu ya kuzuia wadudu, magonjwa na magugu yasiingie mahali yasipokuwepo, kuyagundua mapema yakiingia, na kuamua la kufanya pesa zikiwa chache na habari zikiwa pungufu. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hujifunza dumuzi ni nani na anaishi vipi. Katika uzamili swali hubadilika. Alipitia njia gani? Nani angemwona kwanza? Na siku alipoonekana Taveta, je, bado ilikuwa inawezekana kumfuta?

Swali hilo la mwisho lina jibu la kusikitisha, na ndiyo sababu wahadhiri hupenda kulirudia. Watafiti walipotega mitego yenye harufu bandia inayowavuta dumuzi, waliwanasa si karibu na maghala tu bali pia porini, mbali na mahindi yoyote. Dumuzi huzaliana ndani ya miti mikavu. Hata kama kila ghala la Taveta lingenyunyiziwa dawa siku moja, wengine wangebaki vichakani wakisubiri mavuno yajayo. Vitabu vya somo hili huchora mstari unaopanda kama mlima. Mwanzoni, kuzuia ni kwa gharama ndogo. Juu kidogo, mdudu akiwa katika eneo dogo, bado anaweza kufutwa. Juu zaidi ni kumzingira asisambae. Kileleni kuna kuishi naye tu, mwaka baada ya mwaka, na gharama hiyo inamwangukia mkulima. Dumuzi alipogunduliwa alikuwa tayari amepanda sehemu kubwa ya mlima huo. Katika miaka ya 1990 aliletwa mbawakavu kutoka Amerika ya Kati anayemla dumuzi, akaachiliwa nchini. Alisaidia mahali pengine kuliko pengine, lakini hakummaliza.

Sehemu ya somo inayowatoa wanafunzi jasho ni hesabu, na inafaa kuielewa hata kwa asiye na nia ya kurudi darasani, kwa sababu inahusu mbegu anayonunua dukani. Septemba 2011, wakulima wa Longisa katika eneo la Bomet waliona mahindi yao yakipata michirizi ya manjano, yakikauka kuanzia majani ya juu na kushindwa kubeba. Ulikuwa ugonjwa hatari wa mahindi unaojulikana kwa kifupi kama MLN. Uchunguzi ulionyesha kwamba hausababishwi na virusi vya aina moja bali mbili kwa pamoja: vya mozaiki ya miwa, ambavyo vilikuwepo nchini kwa miaka mingi bila kuleta maafa makubwa, na vya MCMV, ambavyo vilikuwa vikijulikana Amerika tangu miaka ya 1970 lakini vilikuwa vigeni hapa. Mgeni alimkuta mwenyeji, wakashirikiana. Ndani ya miaka 3 ugonjwa huo ulikuwa umeripotiwa pia Tanzania, Uganda na Rwanda.

Virusi vya MCMV hubebwa na wadudu wadogo sana waitwao thripsi, na mara chache hupitia kwenye mbegu. Mara chache kiasi gani? Utafiti mmoja wa Hawaii ulikuza miche 42,000 kutoka mbegu za mimea iliyoambukizwa, na 17 tu ikapatikana na virusi. Hiyo ni karibu mbegu 1 kati ya 2,500. Mtu asiye na mafunzo angesema hatari hiyo ni kama haipo. Mwanafunzi wa uzamili hupewa kalamu na kuambiwa apige hesabu.

Ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, huwa na mimea takriban 21,500. Mbegu 1 ikiwa mbovu kati ya kila 2,500, ekari hiyo itakuwa na mimea 8 au 9 yenye virusi tangu siku ya kuota, nayo itakuwa imetawanyika shambani. Thripsi hawahitaji zaidi ya hapo. Basi mkaguzi apime mbegu kabla hazijauzwa. Apime ngapi? Chukulia anachukua 400, idadi iliyozoeleka katika kupima uotaji. Uwezekano wa kutokuta hata mbegu moja yenye virusi ni karibu asilimia 85. Yaani katika shehena 100 zenye ugonjwa wa kiwango hicho, 85 hivi zitapita na kupewa karatasi safi, na mkaguzi atakuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu wote. Ili awe na uhakika wa asilimia 95 wa kukuta walau mbegu moja, anahitaji kupima takriban 7,500. Kanuni ya haraka ambayo wanafunzi huishika ni kugawanya 3 kwa kiwango cha ugonjwa. Hapo bado inachukuliwa kwamba kipimo chenyewe hakikosei, na kila kipimo hukosea kidogo.

Kupima mbegu 7,500 kunamaliza muda na pesa, na mbegu zilizosagwa kwa ajili ya kipimo hazipandwi tena. Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili ambayo mwanafunzi hufundishwa kuyapima pamoja. La kwanza ni kuachilia shehena yenye ugonjwa. La pili, ambalo husahaulika, ni kuzuia shehena safi. Mvua haingoji majibu ya maabara, na mkulima aliyekosa mbegu iliyothibitishwa wiki ya kupanda atapanda chochote alichonacho au atakachouziwa kando ya barabara. Uamuzi wa tahadhari kupita kiasi unaweza kuongeza hatari ileile uliokusudia kuipunguza. Hakuna fomula inayomaliza mvutano huo. Kinachofundishwa ni kuuandika waziwazi, kwa namba, ili anayeamua ajue anaamua nini.

Upande wa mifugo una somo lake, na hapo sayansi ya jamii huingia. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1921. Kwa miaka mingi ilikuwa habari ya bara hili hasa. Mwaka wa 2007 ilitokea Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nguruwe walilishwa mabaki ya nyama kutoka melini. Kufikia 2018 ilikuwa imeingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nyingine yoyote. Virusi vyake hudumu muda mrefu katika nyama iliyohifadhiwa, na njia yao kuu ya kusafiri mbali ni mkono wa binadamu. Ndiyo maana darasani huulizwa swali ambalo halina uhusiano na hadubini: mfugaji aliyepoteza nguruwe 2 usiku na kubaki na 6 wanaokula vizuri atafanya nini asubuhi? Akijua kwamba akipiga ripoti wote watauawa na hatalipwa chochote, atampigia simu mchinjaji kabla ya kumpigia daktari wa mifugo. Huyo si mtu mbaya, ana karo ya kulipa. Mpango wowote wa kudhibiti ugonjwa usiohesabu karo hiyo umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Sheria nazo zimo, japo wanafunzi wengi huziona kavu. Zina historia inayovutia kuliko zinavyoonekana. Shirika la kimataifa la afya ya wanyama liliundwa mwaka wa 1924 baada ya sotoka kuzuka Ubelgiji mwaka wa 1920, kutokana na ng'ombe wa India waliopitia bandari ya Antwerp wakielekea Brazil. Mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea ulifuata mwaka wa 1951. Tangu 1995, wanachama wa Shirika la Biashara Duniani wanafungwa na makubaliano kwamba nchi haiwezi kukataa matunda au nyama ya nchi nyingine kwa kusingizia magonjwa bila msingi wa kisayansi. Kwa mkulima wa Kenya anayeuza maharagwe mabichi au parachichi ng'ambo, mkataba huo ni ngao na pia ni mtihani. Soko likimfungia, kuna mahali pa kudai sababu. Lakini na yeye ataulizwa rekodi za shamba lake.

Sotoka yenyewe ilitangazwa kuangamizwa duniani mwaka wa 2011. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ndiko daktari Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo iliyofungua njia hiyo. Kisa cha mwisho kilichorekodiwa ni cha nyati wa Mbuga ya Meru mwaka wa 2001. Mtu angedhani faili imefungwa. Lakini virusi vilikuwa bado vimehifadhiwa kwenye friza za maabara katika nchi kadhaa, na ng'ombe wa leo hawana kinga dhidi yavyo kwa kuwa chanjo ilisimamishwa. Kuhesabu chupa hizo, kujua nani ana ufunguo, kuziharibu au kuzihamishia maabara zilizoidhinishwa ni sehemu ya usalama wa kibayolojia pia. Wanafunzi wanaotoka kwenye maabara za hospitali na za mifugo mara nyingi huchagua tawi hili.

Mahali pa kusomea si pamoja. Australia na New Zealand zimekuwa na shahada za uzamili zenye jina hilohilo, na si ajabu, maana New Zealand ilipitisha sheria maalumu ya usalama wa kibayolojia tangu 1993. Nchini Kenya mara nyingi mtu hulifikia somo hili kwa jina jingine: afya ya mimea, entomolojia, epidemiolojia ya mifugo au afya ya umma. Shule ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete. Kituo cha icipe kilichoko Kasarani kimekuwa kikilea watafiti wa sayansi ya wadudu kutoka nchi nyingi za Afrika kupitia mpango wa uzamifu ulioanza mwaka wa 1983, mwaka uleule dumuzi alipoonekana Taveta. KEPHIS ina kituo cha karantini ya mimea Muguga. Anayetafuta nafasi asiangalie jina la shahada pekee. Aangalie kama kuna kozi ya takwimu, kozi ya kutathmini hatari, na msimamizi aliyewahi kufanya kazi nje ya maabara. Bila takwimu, mengine yote hubaki hadithi.

Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa masomo darasani na wa pili ni wa tasnifu. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu huchagua mada kubwa mno. "Athari za wadudu vamizi nchini Kenya" si mada, ni maktaba. Mada inayowezekana ni ndogo na ina mahali: miche ya mipapai inayouzwa katika soko fulani hutoka vitalu gani, na mingapi ina kidung'ata mweupe aliyeisumbua mipapai ya Pwani kuanzia 2016? Ni magunia mangapi ya mahindi huvuka mpaka kwa pikipiki siku ya soko, na yanaishia maghala yapi? Afisa wa kilimo wa wadi aliyekaa mahali pamoja miaka 5 ana faida hapa kuliko kijana mwenye alama za juu, kwani anazijua njia za panya na wanaozitumia wanamwamini kiasi cha kumjibu.

Kabla ya kwenda nyanjani, mwanafunzi anahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chake na leseni ya utafiti ya NACOSTI. Akitaka kuingiza nchini mimea, udongo au wadudu hai kwa ajili ya majaribio, atahitaji pia kibali cha KEPHIS kabla vitu hivyo havijasafirishwa. Maombi hayo yaanzwe mapema, kabla msimu wa mvua anaoutegemea haujakaribia, kwa sababu msimu ukipita bila leseni mkononi, tasnifu husogea hadi mvua zijazo.