Pikipiki Kubwa Zaidi: Ni Safari ya Nani?



Ugomvi wa nyumbani hauletwi na ulevi na uzinzi peke yake. Mara nyingine huletwa na kitu kinachosimama uani kikiwa kimefunikwa turubai. Katika nyumba nyingi za Kenya siku hizi, kitu hicho ni pikipiki. Ndiyo inayompeleka baba kazini, ndiyo inayofikisha maziwa barabarani asubuhi, na usiku mtoto akishikwa na homa ndiyo inayomkimbiza zahanati.

Basi huja siku mume anaposema, "Mama watoto, hii yetu imekuwa ndogo. Nataka kuiuza, niongeze pesa, nichukue kubwa." Pengine ameiona ile aina iitwayo kruza: kiti cha chini, usukani mpana, miguu imenyoshwa mbele, injini inanguruma kwa sauti nzito. Mke husikia neno moja tu, "pesa," na mume husikia jibu moja tu, "hapana." Tangu hapo kila mmoja hunyamaza na lake moyoni.

Somo letu leo ni kuwasaidia ninyi wawili kulizungumza jambo hili mpaka mwisho. Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni, "Je, pesa zipo?" Hilo ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: safari hii ni ya nani?

1. Kutamani si dhambi

Tuanze kwa kumtendea mume haki. Mtu aliyefanya kazi kwa bidii, akalisha watoto na kulipa karo, akitamani chombo kizuri hajakosa. Mungu ametupa pia furaha. Tena huenda haja yenyewe ni ya kweli. Pikipiki ya cc 150 ikibeba watu wawili kupanda mteremko wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, huvuta kwa taabu huku malori yakisukuma nyuma. Kule juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu anayepita njia hiyo kila juma hasemi uongo akisema injini ni ndogo.

Kwa hiyo mke asiseme, "Hayo ni mambo ya kitoto." Maneno ya namna hiyo hufunga mlango. Mume naye asiite "haja" kile ambacho ni hamu. Hamu ina nafasi yake nyumbani, lakini iitwe kwa jina lake, ndipo mwenzako aweze kuipima pamoja nawe. Mke anayeambiwa, "Naihitaji kwa kazi," kisha akagundua kwamba ni ya kutembelea marafiki Jumapili, ameumizwa kwa sababu hakuambiwa ukweli. Pikipiki haina kosa hapo.

2. Ijueni mnayoitafuta

Watu wengi hununua kwa macho. Kaeni pamoja mjifunze kidogo.

Uzito. Pikipiki ya kawaida ya cc 150 kama Boxer ina uzito wa takriban kilo 120. Royal Enfield Meteor 350, ambayo ni kruza ya kadiri tu, ina kilo 191. Kawasaki Vulcan S yenye cc 649 hupita kilo 220. Mashine hizi zikiwa katika lami iliyonyoka hutulia vizuri kuliko ndogo. Lakini katika matope, katika murramu yenye kokoto, au kugeuza mahali penye nafasi ndogo, uzito huo unamwangukia mwendeshaji. Ikilala chini njiani, si kila mtu anaweza kuiinua peke yake. Ulizeni: kutoka nyumbani kwetu hadi lami ni kilomita ngapi, na wakati wa masika njia huwaje?

Mafuta. Kwa kukadiria, ya cc 150 yaweza kwenda kilomita 45 kwa lita moja, na ya cc 650 kama kilomita 22. Mkisafiri kilomita 1,000 kwa mwezi, ndogo hutumia kama lita 22, kubwa kama lita 45. Zidisheni tofauti hiyo kwa bei ya petroli ya mwezi huu, kisha mara kumi na mbili. Andikeni jibu.

Spea na fundi. Cheni, pedi za breki na tairi za pikipiki ndogo hupatikana karibu kila soko, na fundi wa jua kali anaijua kwa kuishika tu. Ya kubwa, tairi zake ni za bei, na spea nyingine huagizwa na kungojewa. Ikiwa pikipiki ndiyo inayowaletea riziki, siku ishirini za kungojea spea ni siku ishirini bila riziki.

Nafasi. Hili husahauliwa na wengi. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya mwendeshaji, na wote wawili wavae helmeti na jaketi yenye kung'aa. Injini ikiongezeka, kiti hakiongezeki. Familia ya watu watano haitakwenda Misa pamoja kwa pikipiki ya cc 650, kama vile haikuweza kwa ile ya cc 150. Ikiwa shida yenu ni kubeba watoto, pikipiki kubwa si jibu lake.

3. Anayeketi nyuma na anayengoja nyumbani

Kruza nyingi hutengenezwa kwa ajili ya anayeendesha. Kiti cha nyuma mara nyingi ni kidogo, na hakina pa kuegemea. Mume husema, "Tutasafiri pamoja," naye mke hajawahi kukikalia. Kabla ya kuamua, tafuteni mtu mnayemwamini mwenye pikipiki ya namna hiyo, awaonyeshe. Mke akae nyuma kwa safari fupi, kisha aulizwe, naye ajibu bila kuogopa.

Kisha kuna mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa, mtu hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kwa kilomita 100, karibu mita 28. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki huongezeka kama mara nne. Ng'ombe akivuka barabara, hesabu hiyo haimwangalii mtu usoni. Tena, aliyezoea pikipiki ya kilo 120 kwa miaka kumi akipanda ya kilo 220 amekuwa mwanafunzi upya. Kufunga breki, kukata kona na kwenda polepole, yote ni ya kujifunza tena katika uwanja mtupu, kabla ya kumpakia mama wa watoto.

Mke anayesema, "Naogopa," asichekwe. Yeye ndiye anayesikiliza mlango usiku mvua inaponyesha. Woga wake ni sehemu ya gharama, uandikwe pamoja na petroli na tairi. Naye mume aulize, "Ni nini hasa unachoogopa?" Mara nyingine jibu ni la kutengenezeka: asisafiri usiku, apige simu akifika, helmeti iwe nzuri ya kweli, isiwe ya kukwepea askari tu.

4. Hesabu ya wawili

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu kama anazo za kumalizia. Angalieni kwamba aliketi. Nanyi ketini, redio ikizimwa na watoto wakiwa wamelala, na daftari mezani. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Andikeni haya: bei mtakayopata kwa pikipiki ya zamani, pesa za kuongeza, bima, petroli ya mwaka, matengenezo, helmeti mbili na jaketi mbili. Kumbukeni kwamba mwenye duka akiipokea ya zamani kama sehemu ya malipo, kwa kawaida atawapa chini ya yule mtakayemuuzia wenyewe. Na mkiuza, hakikisheni umiliki umehamishwa NTSA kupitia eCitizen, kusudi makosa ya mnunuzi yasiwarudie.

Juu ya bima, ile ya lazima kisheria ni ya kumlinda mtu wa tatu. Haitengenezi pikipiki yako, wala haimtibu mwendeshaji aliyejiangusha. Basi ulizeni pia kama michango yenu ya afya katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, imelipwa.

Mkopo ndio mahali penye mtego. Kuna mume anayechukua mkopo kimya kimya, akaweka hati ya umiliki wa pikipiki rehani, au akawaweka marafiki wa Sacco wadhamini. Akipatwa na ajali, mjane hukutana na deni msibani. Si haki mtu kuachiwa deni ambalo hakuambiwa habari zake. Hata sheria ya nchi imelitazama jambo hili: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa anaishika kwa dhamana kwa ajili ya mwenzake, mpaka ithibitishwe vingine. Jina kwenye hati ni la mmoja, lakini nyumba ni ya wawili.

Tena iwe haki pande zote. Ikiwa mke ametaka cherehani au tangi la maji kwa miaka mitatu, naye huambiwa kila mara, "Ngoja," basi pikipiki kubwa isimpite njiani. Yaandikeni matakwa yote mawili katika ukurasa mmoja.

5. Kama hamjakubaliana

Msipige kura, maana mko wawili. Jaribuni njia hii. Kwa miezi sita, wekeni kando kila mwezi kiasi kile kile ambacho pikipiki mpya ingewagharimu, yaani malipo ya mkopo pamoja na tofauti ya petroli. Mke ashike daftari, mume apeleke pesa benki au Sacco. Msiziguse.

Miezi sita ikiisha, mtajua ukweli bila kugombana. Kama karo imelipwa, chakula hakikupungua, na fungu la Kanisa na la wazazi halikusahauliwa, basi uwezo mnao, tena mmekwisha kuweka akiba inayopunguza mkopo. Kama kila mwezi mlichota humo, daftari limejibu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Huenda pia mkaona jibu la katikati: kutengeneza vizuri ile ya zamani, kubadilisha tairi na breki, au kupanda ngazi moja badala ya tatu.

Wakati huo, asiwepo wa kununua kwanza na kueleza baadaye. Chombo kilicholetwa nyumbani kwa kushtukiza hubaki kidonda hata kikiwa kizuri namna gani. Mkishindwa kabisa, waendeeni wasimamizi wenu wa ndoa, au wenzi waliokomaa katika Jumuiya yenu. Lakini msiwatumie ndugu wa upande mmoja kama mahakama.

6. Ndoa ndiyo safari yenyewe

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa ni ushirika wa ndani wa maisha na upendo. Naye Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa watengeneze muda wa kusikilizana kwa uvumilivu, bila kukimbilia kutoa jibu. Mafundisho haya si ya siku ya arusi peke yake. Ni ya jioni ile mmoja anapotaka kitu na mwingine anaogopa.

Kando ya barabara ya zamani inayoshuka kwenda Mai Mahiu kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitalia waliokuwa wakijenga barabara hiyo. Wasafiri husimama hapo kusali. Mkipita, ya kubwa au ya ndogo, simameni ninyi nanyi. Anayejua kusimama hatapotea upesi, iwe barabarani au katika ndoa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

Je, tunachokitaka ni haja au ni hamu? Kila mmoja ajibu kwanza kwa kuandika, ndipo msomeane.

Kati yetu, ni nani aliyengoja muda mrefu zaidi kwa kitu alichokiomba?

Je, kuna deni lolote ambalo mwenzangu hajui? Kama lipo, nimwambie juma hili.

Tukipata ajali kesho, watoto wetu watabaki na nini, na nani atawalipia karo?

Tendo la mwezi huu: wekeni usiku mmoja wa daftari. Anzeni kwa sala fupi mkiwa mmeshikana mikono, na mmalize kwa sala, hata kama hamjaafikiana.

Mungu awabariki, na Mtakatifu Kristofa awaombee katika kila safari.