Jifunze kuchomelea kabla hujaunda gari: jicho halina spea

Ukipita Muyeye, mjini Malindi, jioni jioni, si ajabu kuona mwanga mkali wa samawati ukimulika kuta za nyumba. Hapo pana fundi anayechomelea geti, dirisha au fremu ya tuktuk. Watoto husimama kando wakitazama. Huenda pia miongoni mwao pana kijana aliye na ndoto kubwa zaidi: kuunda gari lake mwenyewe nyuma ya nyumba yao, kwa mabomba ya chuma na injini iliyotolewa kwenye gari kuukuu.

Ndoto hiyo si ya kuchekwa. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa wananchi uwanjani Kasarani. Mradi huo haukufika mbali, lakini hamu ya kujiundia gari ingalipo.

Makala haya hayakusudii kumvunja moyo kijana wa aina hiyo. Yanamwomba jambo moja tu: ajifunze kuchomelea kwanza, kwa vyuma chakavu na mbele ya fundi mzoefu, kabla hajagusa chasisi ya gari lake. Sababu ni kwamba madhara mengi ya kazi hii hayaumi papo hapo. Huja kuuma kazi ikiwa imekwisha, na kwa hivyo anayengoja maumivu yamfunze huwa amechelewa.

Macho kujaa mchanga usiku

Tuseme kijana huyo ameazima mashine ya kuchomelea. Saa tisa alasiri anaanza kuunganisha vipande viwili vya chuma. Hana ngao ya uso, ila amevaa miwani ya jua, na mara nyingine anafumba macho tu cheche inaporuka. Jioni anakula na kuzungumza bila kuhisi chochote. Saa saba za usiku anaamka akidhani mtu amemtia mchanga machoni. Macho ni mekundu, yanatiririka machozi, na hawezi hata kutazama taa.

Hali hii hutokana na miale ya urujuanimno, ambayo haionekani. Miale hiyo imo pia katika mwanga wa jua, lakini ile ya weldi hutoka karibu sana na uso na kwa nguvu nyingi. Huunguza konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kama jua linavyounguza ngozi. Maumivu huanza kwa kawaida saa 6 hadi 12 baadaye, na mara nyingi jicho hupona katika muda wa siku moja hadi tatu.

Kupona huko ndiko kunakowadanganya wengi wakadhani ni jambo dogo. Mwanga wenyewe unaoonekana unaweza kupenya hadi nyuma ya jicho na kuunguza retina, na jeraha la retina huenda lisipone kabisa. Isitoshe, miale hiyo haichagui. Mtoto anayetazama kutoka kando, au jirani anayeanua nguo, anaweza kuamka na macho yale yale usiku huo.

Ikitokea, kaa mahali penye giza, osha macho kwa maji safi, usiyasugue, na unywe dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu. Asubuhi nenda hospitalini ukachunguzwe, hasa ikiwa huoni vizuri au ni jicho moja tu linalouma, kwa kuwa huenda kipande cha chuma kimeingia. Kipande kilichojikita jichoni usijaribu kukitoa kwa sindano wala kwa ncha ya kitambaa. Usiweke maziwa ya mama wala vipande vya viazi, kwa maana vinaweza kuingiza viini kwenye konea iliyojeruhiwa. Vilevile usiazime matone ya kufisha ganzi. Yakitumiwa mara kwa mara huzuia konea kupona na yanaweza kuharibu jicho.

Kinga ni ngao inayofunika uso wote, yenye kioo cheusi kilichoandikwa nambari ya ukali wake. Kwa mashine na rodi za kawaida za mtaani, nambari 10 au 11 yafaa. Miwani ya jua haifikii hata nusu ya kiwango hicho. Unapogonga magamba ya weldi au kusaga chuma kwa grainda, vaa miwani ya kinga isiyo na rangi, kwa kuwa hapo hatari ni vipande vinavyoruka. Nao watoto wawekwe mbali, nyuma ya ukuta au pazia zito lisiloshika moto kwa urahisi.

Homa isiyo malaria

Mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki yasishike kutu. Kijana anayetafuta vyuma vya bei nafuu hupenda kuyatumia. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzijoto 907, ilhali chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500. Kwa hivyo zinki huwa imegeuka moshi mweupe kabla chuma hakijayeyuka.

Anayevuta moshi huo anaweza, saa chache baadaye, kushikwa na homa, baridi ya kutetemeka, kikohozi, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Pwani yetu, mtu akitetemeka hivyo hukimbilia kununua dawa ya malaria. Pima damu kwanza, na umweleze daktari kwamba umechomelea chuma chenye zinki. Homa ya zinki kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, ukiona unashindwa kupumua, usingoje kupambazuke. Nayo imani ya mafundi kwamba glasi ya maziwa huzuia homa hii haifai kutegemewa, maana maziwa huenda tumboni na moshi umeingia mapafuni. Lililo la hakika ni kuacha vyuma vya zinki, au kuondoa zinki yote karibu na kiungo kabla ya kuwasha mashine, huku umevaa barakoa ya kuchuja vumbi.

Moshi wa weldi kwa jumla nao si wa kupuuzwa. Mwaka wa 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo fanya kazi nje au mahali penye upepo, simama upepo ukitokea ubavuni mwako, na usiinamie moshi. Kitambaa kilichofungwa puani hakichuji moshi huu. Tumia barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kamwe usichomelee chuma kilichotoka kusafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini. Joto na miale ya weldi vinaweza kuigeuza kuwa fosjini, gesi ile ile iliyoua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jasho, umeme na tangi tupu

Malindi kuna joto na unyevu, na mtu aliyelowa jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko aliye mkavu. Mashine huvuta volti 240 kutoka ukutani, na hata upande wa rodi umeme wake unaweza kuua mtu aliyelowa. Usichomelee ukiwa umevaa patipati au umesimama penye maji. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, glavu za ngozi zilizo kavu, na nguo za pamba au khaki zenye mikono mirefu. Nailoni huyeyuka ikaganda mwilini. Waya zilizochubuka zibadilishwe, na mashine iwe na waya wa ethi.

Ukiungua, mwagia jeraha maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kuhusu tangi la petroli la gari kuukuu, kauli ni moja: usiliguse kwa moto. Tangi linaloonekana tupu huweza kuwa limejaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Hali kadhalika kwa mapipa yaliyokuwa na mafuta au rangi.

Somo lenyewe

Tafuta fundi anayejikinga mwenyewe, wala si yule anayejisifu kwamba macho yake yamezoea. Jicho halizoei miale hii. Anza kwa kuwasha na kushikilia cheche juu ya bamba nene, kisha uchore mistari iliyonyooka hadi mkono utulie. Baadaye unganisha vipande viwili, uvibane kwenye jiliwa, uvae miwani ya kinga, na uvigonge kwa nyundo mpaka vivunjike au vikunjike. Kiungo kikiachana kwa urahisi, au ukiona ndani matundu na takataka, bado hujafuzu. Rudia. Chuma chembamba kijaribiwe mwisho, kwa maana hutoboka upesi.

Kiungo kibovu ni suala la afya pia. Geti likiachana huegemezwa ukutani. Gari likiachana kwenye usukani, breki au mkanda wa kiti, abiria ndiye anayeumia. Sehemu hizo mwachie fundi aliyehitimu. Anayetaka kuhitimu anaweza kujiunga na vyuo vya ufundi vya kaunti na kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya Tatu. Na gari lolote, hata lililoundwa nyumbani, halina ruhusa ya kuingia barabarani kabla ya kusajiliwa na NTSA.

Wazazi nao wasinunue mashine kabla ya kununua ngao. Bei ya ngao ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mashine, lakini ndiyo inayoahirishwa kila mara. Gari likikosa kipuri, kitatafutwa Malindi, Mombasa hata Nairobi mpaka kipatikane. Jicho halina spea.