Piga Dimu, Mdogo Wangu

Haya, wadogo zangu, leo mapenzi tuyaweke pembeni. Wale wa "Dada, hapokei simu zangu" mnivumilie mpaka wiki ijayo, maana kuna barua mbili zimenifika na zote zinahusu jambo linaloweza kuua mtu usiku wa leo.

Ya kwanza imetoka Kibaha. Mwandishi ni muuguzi, zamu zake za usiku ziko Chalinze, na anaendesha Vitz ya miaka mingi. Anasema akishapita Mlandizi haoni mbali, na fundi amempa ushauri wa aina mbili: afunge LED, au kama mfuko hauruhusu atie balbu za wati 100. Ya pili ni ya kijana wa Dodoma anayesambaza zabibu na mboga kwa Probox. Huyu analia kilio kingine: kila anayekutana naye barabarani anamwashia taa kwa hasira, ilhali yeye amepiga dimu. "Dada, wananionea?"

Hawakuonei, mwanangu. Nitafika kwako.

Naanza na muuguzi. Barabara hiyo ninaijua: malori ya Zambia na Kongo yanafuatana, baiskeli hazina hata kimulimuli, na lori likiharibika dereva anatandika matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu. Una haki ya kutaka mwanga. Ila kabla hujampa fundi hata shilingi, nenda mbele ya gari lako mchana ukatazame taa zenyewe. Kile tunachokiita kioo cha taa, kwenye magari ya siku hizi ni plastiki, na jua la miaka yote hiyo limeichoma ikawa ya manjano, ina ukungu. Mwanga unatoka kwenye balbu vizuri, ukifika kwenye ukungu ule unatawanyika ovyo. Barabarani unafika kidogo, mwingine unaruka juu kwenye macho ya watu. Kwa hiyo taa zilizopauka zinakunyima wewe na kumuumiza anayekuja, vyote kwa wakati mmoja. Ukitia balbu kali nyuma ya plastiki hiyo, utakachozidisha ni ule mtawanyiko.

Taa za namna hiyo zinasuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000 hadi 2000, halafu zinapigwa polishi, halafu zinapuliziwa rangi angavu ya kuzuia jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na vijana wengi wa gereji, nanyi mnafurahi kuona taa inang'aa mnalipa mnaondoka. Msasa umeshaondoa kinga ya kiwandani; usipoweka kinga mpya, manjano yanarudi haraka kuliko mwanzo. Dawa ya meno ninayoisikia kila siku ni hivyo hivyo, mng'ao wa muda mfupi tu. Na ukiwa hapo chungulia ndani: ile sehemu inayong'aa kama fedha nyuma ya balbu ikiwa imeungua au imebabuka, hapo hakuna polishi itakayosaidia. Nunua taa nzima.

Baada ya plastiki, nyaya. Hili mafundi wengi hawaligusi kwa sababu halina bidhaa ya kukuuzia. Balbu ya halojeni ni nyepesi sana kuathirika na upungufu wa umeme: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa takriban asilimia 30. Gari la zamani lina swichi iliyochakaa, soketi zenye kutu, na ule waya wa ethi umeshikizwa kwenye bodi iliyooza. Mwambie fundi umeme awashe injini, awashe taa, apime volti kwenye betri, kisha apime nyuma ya balbu yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, ugonjwa uko njiani, balbu haina kosa. Asafishe ethi, abadilishe soketi, na ikibidi afunge rilei ili umeme wa taa utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Kazi hiyo haionekani kwa macho na huwezi kuipiga picha ukaiweka mtandaoni, lakini wengi mnaodhani mnahitaji LED mnahitaji hiyo.

Sasa balbu. Vitz nyingi za zamani zinatumia H4, yenye nyaya mbili ndogo zinazowaka ndani yake, wati 60 kwa taa kubwa na 55 kwa dimu. Ukiitazama kwa karibu utaona chini ya ule waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya taa na kurushwa juu machoni mwa watu. Taa nzima, kuanzia mkunjo wa ile sehemu ya fedha, imepigiwa hesabu kwa waya ule uliokaa pale pale. Ukisogea hata milimita moja hesabu inaharibika. Balbu ya LED ya kuchomeka haina waya. Ina vipande bapa vinavyotoa mwanga ubavuni, huku na huku. Inaingia kwenye tundu, ndiyo, hata mpini wa shoka unaweza kuulazimisha kwenye jembe. Mwanga unatoka mwingi lakini hauendi unakotakiwa.

Na hapa ndipo wengi mnapodanganyika. Mkishafunga zile LED mnaona mita kumi mbele ya boneti kumekuwa kweupe, mnasema mambo si hayo! Weupe huo wa karibu unaifanya mboni ya jicho isinyae, na kule mbali alikosimama ng'ombe unaona kidogo kuliko zamani. Unajihisi unaona vizuri kumbe umepungukiwa. Sijui kama kuna hatari mbaya kuliko hiyo kwa mtu anayekimbia kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao gari linakula mita 22 kila sekunde na linahitaji takriban mita 53 kusimama, lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima.

Zenoni za kuchomeka kwenye taa ya halojeni ni mbaya zaidi. Balbu ya zenoni inatoa lumeni zipatazo 3,200, wakati dimu ya H4 inatoa kama 1,000. Mara tatu, ndani ya taa isiyo na uwezo wa kuukata mwanga huo! Kanuni za Ulaya zinataka gari lenye taa kali kiasi hicho liwe na mtambo wa kuzishusha taa zenyewe likibeba mzigo, na wa kuziosha pia, kwa sababu hata tope dogo linautawanya.

Wati 100 ndiyo kabisa usiguse. Soketi na nyaya zako ziliwekwa kwa ajili ya ampea nne na ushee kila upande. Wati 100 zinavuta zaidi ya nane. Utanusa plastiki inaungua kabla hujafika Ruvu.

Na hizo namba za 6000 na 8000 zilizoandikwa kwenye maboksi wala hazipimi ukali. Ni rangi. Halojeni ya kawaida iko kwenye kelvini 3,200 hivi, zenoni ya kiwandani kama 4,300, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea bluu. Bluu inawachosha wanaokuja na wakati wa mvua inakurudia mwenyewe. Muuzaji anayekwambia "hii ya 8000 ndiyo kali, dada" ama hajui au anajua.

Nisieleweke vibaya, LED si haramu. Ujerumani tangu 2020 wameanza kuruhusu baadhi ya balbu za LED kwenye taa za halojeni, lakini kwa orodha: balbu hii, kwenye modeli hii ya gari, baada ya taa hiyo kupimwa. Sisi tunanunua kwa kuangalia tundu. Ukitaka kupanda daraja kweli, tafuta taa nzima. Magari mengi ya Kijapani yalitoka kwa madaraja, la chini lina halojeni, la juu lina zenoni au LED yenye projekta yake. Taa ya daraja la juu ya modeli yako ikipatikana kwenye spea zilizotumika, nunua ya kushoto na ya kulia pamoja na vifaa vyake vyote, ufungiwe na fundi umeme anayejielewa. Isipopatikana, balbu mpya za halojeni za kampuni inayoaminika, wati zile zile, kioo cheupe kisichopakwa bluu, zote mbili kwa siku moja. Zipo zinazotengenezwa kutoa mwanga zaidi kwa wati zile zile. Ni nzuri, ila zinaungua mapema.

Haya, kijana wa zabibu, zamu yako. Unapakia kreti nyuma hadi springi zinalala, sivyo? Nyuma ikishuka, pua inapanda, na taa zinapanda nayo. Chukua mfano wa taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini. Ikielekezwa sawasawa, mwanga wa dimu unashuka sentimita moja kwa kila mita, hivyo unagusa barabara mita 65 mbele. Pua ikipanda kidogo tu, mwanga haugusi barabara kabisa, unakwenda sambamba na lami hadi usoni mwa dereva wa basi. Anakuwashia kwa sababu anadhani ni taa kubwa. Tazama upande wa kulia wa usukani: magari mengi kama lako yana kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Sifuri ni ya dereva peke yake. Kadiri unavyopakia, zungusha kwenda namba kubwa, taa zinashuka. Nimeshangaa ni madereva wangapi wamekaa na gari miaka bila kujua kile ni kitu gani.

Kama kigurudumu hakipo au hakifanyi kazi, na hata kama kinafanya, zipime taa ukutani. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, jaza tairi upepo sahihi, shusha mizigo, kigurudumu weka sifuri, na mtu akae kiti cha dereva. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya gundi kwenye kimo cha katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita tano. Piga dimu, funika taa moja kwa kitambaa kwa muda mfupi (halojeni ina moto, usije ukachoma nguo ya watu). Utaona mwanga una mstari unaoukata juu. Mstari huo uwe sentimita tano chini ya alama, na upande wa kushoto upande kidogo kumulika ukingo wa barabara. Ukiwa juu ya alama, unapofua watu. Ukiwa sentimita 15 chini, unamulika mita 22 tu mbele, na huenda hilo ndilo tatizo lote la muuguzi wetu. Nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebishia. Nusu mzunguko, tazama, nusu mzunguko. Ukiona mwanga ukutani hauna mstari wowote, umetapakaa kila mahali, basi balbu si ya taa hiyo au imechomekwa kombo.

Msomaji wa Bujumbura aliyeuliza kwa ufupi kwa nini taa za gari lake la Japani zinalaumiwa sana, sababu ni huo mwanga wa kushoto: Japani wanapita kushoto kama sisi Tanzania, kwa hiyo ule mwanga unaopanda unapanda kushoto. Huko kwenu mnapita kulia, kushoto ndiko wanakotokea wenzako. Tafuta taa za modeli hiyo zilizotengenezewa nchi za kupita kulia.

Wanaofunga fito za LED juu ya paa: zizimeni mkiona taa ya mtu kwa mbali, hata ikiwa ni bodaboda. Na mkimfuata mtu kwa nyuma, dimu pia, ana vioo vitatu vinavyomrudishia mwanga wenu. Ukipofushwa wewe, punguza mwendo, tupa macho kwenye mstari wa ukingo wa kushoto mpaka apite. Ukimlipizia kwa kumwashia kubwa, mnakuwa vipofu wawili mnaopishana kwa nafasi ya mita moja. Kioo cha mbele kifute na kwa ndani, kule kwenye utando wa moshi na vumbi ambao hakuna anayeufuta.

Msomaji mmoja wa Tanga anataka kumnunulia mama yake LED. Mama ana miaka 68, bado anaendesha Muheza na kurudi, na analalamika taa za wenzake zina miale kama nyota. Hapana, usinunue. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea takriban theluthi ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, na hiyo miale inaweza kuwa mtoto wa jicho. Pesa ya LED mpeleke kliniki ya macho. Mtoto wa jicho anatolewa na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mpaka apimwe, Muheza aende mchana. Mama akigoma, mwambie ni dada wa gazetini ndiye aliyesema, na hasira zake aje nazo kwangu.