Mwache Amimine Chai Mwenyewe

Familia zetu humpenda sana mtoto asiyeona: analishwa, anavishwa, anashikwa mkono hata kwenda chooni. Anafikisha miaka 12 hajawahi kufua soksi. Mapenzi ya namna hiyo yatamgharimu, maana siku moja ataingia bweni, chuo au kazini, na huko hakuna shangazi wa kumfungia viatu. Mzazi, mlezi, mwalimu, anzeni na haya.

1. Mpe zamu yake ya kazi. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kuosha vyombo, kukunja nguo: kazi zote hizo vidole vinazimudu. Kama kaka yake hugombezwa kwa kuacha sahani chafu, naye agombezwe.

2. Chai ifundishwe kwa maji baridi. Weka kikombe kwenye sinia ili kitakachomwagika kisisambae. Mdomo wa birika uguse ukingo wa kikombe, na ncha ya kidole iingie ndani kidogo; maji yakigusa kidole, aache. Akizoea, asikilize: sauti ya kikombe kinachojaa hupanda, na uzito hubadilika. Chai ya moto itakuja baadaye, kwa sauti na uzito huo, bila kidole ndani. Unapomwonyesha, usimkamate mikono na kuivuta. Weka yako chini, yake juu, ahisi unachofanya na aweze kujitoa akitaka. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini mtoto anayevutwa mikono kila siku huishia kuilegeza na kungoja. Atamwaga, ndiyo. Mpe kitambaa afute.

3. Tumia saa kupanga sahani. Mwambie mboga iko saa sita, juu kabisa. Ugali saa kumi na mbili, upande wa kifuani. Samaki saa tatu, kushoto. Ndimu saa tisa, kulia. Kama hajawahi kushika saa, tafuta ile ya ukutani iliyokufa, ondoa kioo, apapase mishale.

4. Fimbo nyeupe isisubiri utu uzima. Wazazi wengine huona aibu, eti fimbo inatangaza upofu. Acha itangaze, dereva wa bodaboda anahitaji kujua. Kipimo cha kawaida ni kutoka chini hadi kidarini, kwa hiyo mtoto anavyokua fimbo nayo ibadilishwe. Namna ya kuitumia ni hii: mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo iguse kushoto, mahali mguu wa kushoto utakapokanyaga; kisha kinyume chake. Mbinu hii ya fimbo ndefu ilipata umbo lake Marekani, chini ya Richard Hoover, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Huku kwetu itapambana na mitaro isiyofunikwa na meza za wachuuzi, kwa hiyo chagueni njia moja kwanza, tuseme ya dukani, muijue vizuri. Alama zake si za macho: mlio wa mashine ya kusaga, harufu ya maandazi, mteremko, jua la asubuhi kwenye shavu la kulia. Akishaijua, mwache atangulie, wewe ukae nyuma umbali wa kutomgusa.

5. Ukimwongoza, yeye ndiye akushike. Mkubwa ashike kiwiko chako, mdogo ashike kifundo cha mkono, atembee nyuma yako nusu hatua. Usimsukume, wala usimburute kwa fimbo. Na ukiondoka, sema unaondoka. Kumwacha anaongea na hewa ni kumdhalilisha.

6. Simu na nukta nundu, vyote viwili. Louis Braille alikamilisha mfumo huu wa nukta sita zinazosomwa kwa vidole akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 1824, na bado haujapata mbadala: anayesikiliza tu hajifunzi tahajia. Mashine ya kuandikia nukta nundu ikikosekana, kibao chenye vidirisha na kalamu yake ya kutoboa vinatosha. Simu janja nayo ina programu inayosoma kilichopo kwenye kioo. Mfundishe atume fedha mwenyewe, namba ya siri aandike mwenyewe, masikioni ameweka spika ili duka zima lisisikie salio. Noti azikunje tofauti kila moja: ya elfu kumi mara mbili, ya elfu tano mara moja, au mpango wowote atakaoukumbuka.

7. Asiyeona vizuri si sawa na asiyeona kabisa. Watoto wengi wenye ualbino husoma maandishi makubwa. Usiwalazimishe nukta nundu kwa sababu tu darasa limepangwa hivyo. Wakae mbele, mbali na mwanga wa dirishani, na waruhusiwe kofia hata ndani. Mwalimu, soma kwa sauti kila unachoandika ubaoni. "Hii ukijumlisha na ile" haimsaidii yeyote kati yao.

8. Mwili wake ni wake. Ajifunze kuoga, kunyoa na kuchagua nguo. Kifungo kimoja kilichoshonwa ndani ya pindo kinatosha kutambua sare ya bluu. Binti ashike pedi na kujua inavyokaa kabla ya hedhi ya kwanza, afundishwe na mwanamke anayemwamini. Nao wote, wa kike na wa kiume, wajue nani haruhusiwi kuwagusa na wamwambie nani. Mtoto aliyezoea kuoshwa na kila mtu atatofautishaje?

9. Usimjibie. Mhudumu wa mgahawa atakuuliza wewe, "Huyu anakunywa soda gani?" Nyamaza. Kimya kikizidi, mwambie, "Muulize mwenyewe." Kisha mtoto aagize, na mwishoni alipe, ahesabu chenji kwa vidole vyake, hata kama nyuma kuna foleni.